Redio ya wati 100 inajizima garini, na nikiwa nje ya gari SWR inacheza nikishika kebo

Wimbi_Refu:

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa mambo mawili ambayo sijui kama yana undugu.

Nina redio moja ya HF (masafa ya 3 hadi 30 MHz) ya wati 100. Naitumia garini, na siku nyingine naishusha kwenda nayo uwandani.

Garini: nyaya za milimita za mraba 2.5. Waya chanya unatoka kwenye betri hadi redio, mita 5, wenye fyuzi ya ampea 25 karibu na redio. Waya hasi ni wa sentimita 60, umefungwa kwenye bolti ya kiti. Antena ni fimbo ya mita 2.5 ya bendi ya 40 m, koili iko chini, imekaa kwa sumaku juu ya paa. SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, 1 ndiyo bora) kwenye 7.100 MHz ni 1.1, sina kifaa chochote cha kulinganisha antena na redio. Nikiongea kwa SSB (mtindo wa kutuma sauti) kwa nguvu kamili, redio inazima na kuwaka tena sauti inapopanda. Wanaonipokea wanasema sauti inakwaruza. Injini ikiwaka, kelele inapanda hadi S7 kwenye mita ya ishara.

Uwandani: betri ya asidi ya volti 12, Ah 7. Antena ni ya nusu wimbi inayolishwa mwishoni, waya mita 20.2, transfoma ya 49:1, kebo ya RG-58 mita 7, ufito wa faiba wa mita 6. SWR inasoma 1.6, lakini nikishika kebo inaruka hadi 2.5, na kasha la redio linachoma kidole nikiwa natuma. Nikizidisha wati 40 hivi, redio inazima kama ilivyo garini.

Ninunue betri kubwa, antena nyingine, au kifaa cha kulinganisha antena? Fedha inatosha kimoja tu kwa sasa.

FundiMkondo:

Usinunue chochote kwanza. Hayo matatizo yana undugu mkubwa: kila mkondo unaotoka lazima urudi, na kwako njia za kurudi ni mbovu kila mahali. Mkondo wa betri unarudi kupitia bolti ya kiti. Mkondo wa antena ya garini unarudi kupitia sumaku. Uwandani unarudi kupitia wavu wa nje wa kebo, halafu kasha la redio, halafu mkono wako.

Tuanze na umeme wa garini maana ndio rahisi kupima. Redio nyingi za wati 100 zimeandikwa volti 13.8, kuzidi au kupungua asilimia 15. Chini yake ni volti 11.7. Chini ya hapo mtengenezaji hakuahidi kitu, na sauti huanza kukwaruza kabla redio haijazima, kwa sababu hatua ya mwisho ya nguvu inakosa volti za kufuata kilele cha sauti. Kwa hiyo sauti kukwaruza na redio kuzima vinaweza kuwa kitu kimoja.

Hesabu ya waya wa shaba wa nyuzi nyembamba, unaonyumbulika: wa 2.5 una takriban miliomu 8 kwa mita, wa 4 una 5, wa 6 una 3.3, wa 10 una 1.9. Zidisha kwa urefu wa kwenda na kurudi, kisha kwa ampea 20 ambazo redio yako inavuta kwenye kilele. Waya wako chanya peke yake, mita 5 za 2.5, unakula volti 0.8. Hapo bado hatujagusa fyuzi, viunganishi wala upande wa hasi.

Pima hivi. Weka redio kwenye antena bandia ya omu 50 (kipingamizi kinachomeza nguvu bila kuirusha), si antena ya kweli. Chagua FM au CW (mtindo wa Morse) ili nguvu iwe ya kudumu, tuma sekunde tano tano tu, injini ikiwa imezimwa. Multimita iwe kwenye volti DC, na usipime betri tu. Chukua vipimo vinne redio ikiwa inatuma: kwenye teminali za betri, kwenye plagi ya redio, kutoka teminali chanya ya betri hadi pini chanya ya redio, na kutoka teminali hasi ya betri hadi pini hasi ya redio. Hivyo viwili vya mwisho vinakuonyesha upotevu wa kila upande, na jumla yake lazima ilingane na tofauti ya viwili vya kwanza. Isipolingana, umepima vibaya, rudia.

Jambo moja usilisubirishe hadi vipimo: fyuzi iliyo karibu na redio inalinda redio, hailindi waya. Waya chanya ukichubuka kwenye ukuta wa injini, mita zote zile zinawaka moto na fyuzi haitajua. Weka fyuzi nyingine ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, na pitisha waya kwenye mpira ule wa tundu, usiupitishe kwenye bati tupu. Na kabla ya kugusa chochote, fungua hasi ya betri kwanza.

Mlingoti:

Naongezea upande wa antena ya garini, maana kuna kitu umekitaja kama sifa na kwangu ndicho dalili ya ugonjwa: SWR 1.1 bila kulinganisha.

Fimbo ya mita 2.5 kwenye 7.1 MHz ni kama asilimia 6 ya urefu wa wimbi (mita 42). Ikiwa koili iko chini, ukinzani wa mnururisho wake ni takriban omu 1.4. Hiyo ndiyo sehemu pekee inayopeleka nguvu hewani. Kama mita inaona karibu omu 50, basi omu 48 na ushei ni upotevu: koili, ardhi iliyo chini ya gari, na mguso mbovu kwenye bodi. 1.4 gawanya kwa 50 ni chini ya asilimia 3. Kati ya wati zako 100, tatu hivi ndizo zinazoondoka, nyingine zinapasha joto.

Sumaku ndiyo mshukiwa wa kwanza. Haigusi bati, inashikana nalo kiumeme kupitia rangi kama sahani mbili za kapasita. Tuseme uwezo wake ni pF 300. Kwenye 145 MHz huo ni ukinzani usiofika omu 4, ndiyo maana antena ndogo ya VHF ya sentimita 49 inakaa juu ya sumaku na kufanya kazi vizuri kabisa. Kwenye 7.1 MHz, pF 300 zilezile ni omu 75. Mkondo hauwezi kupita hapo wakati njia ya mkato ipo, nayo ni wavu wa nje wa kebo hadi kwenye redio. Huko unaingia kwenye maiki, na sauti yako inakwaruza hata kama betri ni nzima.

Funga antena kwa bolti kwenye bati la bodi lenyewe, rangi ikiwa imekwanguliwa hadi chuma king'ae, halafu paka grisi kuzuia kutu. Bawaba haihesabiki kama mguso. Ukifunga kwenye mlango wa nyuma au ukingo wa boneti, unganisha mlango huo na bodi kwa mkanda wa shaba uliosukwa, upana wa angalau mm 10, mfupi kadiri iwezekanavyo. Waya wa mviringo wa urefu uleule ni duni kwa kazi hii.

Ukifanya vizuri, utaona SWR inapanda, labda hadi 3. Usishtuke, ndiyo habari njema. Upotevu ukishuka mpaka jumla ikawa omu 16, ufanisi unafika karibu asilimia 9, yaani umepata dB 5, kama mara tatu, bila kuongeza wati. Sasa ndipo unalinganisha: koili ndogo ya µH 0.77 kutoka kitako cha antena kwenda bodi. Mizunguko 7 ya waya wa mm 1.5, kipenyo mm 25, urefu mm 25. Ukiivuta iachane inapungua, ukiikusanya inaongezeka. Fupisha fimbo ya juu kidogo ili antena iwe na ukapasita kidogo, kisha cheza na mizunguko hadi SWR ishuke. Utaona pia upana wa masafa unaofaa umekuwa mwembamba. Hiyo nayo ni dalili ya upotevu kupungua.

Na kama utatengeneza fimbo nyingine baadaye, koili iwe katikati. Inahitaji mizunguko mingi zaidi, lakini ukinzani wa mnururisho unapanda karibu mara mbili.

Wimbi_Refu:

Shukrani wakuu. Nimepima kama alivyosema FundiMkondo, nikiwa kwenye antena bandia, wati 100:

Betri ikipokea 12.5, ikituma 12.1. Plagi ya redio ikituma 10.4. Upande chanya 0.9. Upande hasi 0.8.

Redio ilijizima mara moja hata kwenye antena bandia. Kilichonishangaza ni upande hasi. Waya ni sentimita 60 tu, unapotezaje karibu sawa na mita 5?

FundiMkondo:

Vipimo vizuri, na vinajumlika: 12.1 toa 10.4 ni 1.7.

Kwa kuwa imezima hata kwenye antena bandia, umeme ni tatizo la kweli, halitokani na mawimbi ya antena kurudi ndani ya redio. Upande chanya 0.9 ni waya 0.8 na fyuzi pamoja na viunganishi 0.1. Viko sawa, waya tu ni mwembamba. Upande hasi, sentimita 60 za 2.5 zilipaswa kula volti 0.1. Zilizobaki 0.7 ziko kwenye bolti ya kiti na njia inayoifuata. Kwa ampea 20 hizo ni wati 14 za joto kwenye mguso mmoja. Ukiigusa baada ya dakika kadhaa za kutuma utalisikia. Bolti za viti hupakwa gundi ya kuzuia kulegea, na chini yake kuna rangi. Zimetengenezwa kushika kiti wakati wa ajali, kazi ya umeme si yake. Irudishe kama ilivyokuwa na usiiguse tena.

Fanya hivi. Nyaya mbili za mm² 6, zote mbili hadi mbele. Chanya kwenye teminali ya betri kupitia fyuzi ya ampea 30. Hasi usiiweke kwenye nguzo ya betri kama gari lina kihisi cha mkondo pale (kile kiboksi kidogo kilichokaa kwenye kibano cha hasi). Kompyuta ya gari inatumia kihisi hicho kujua betri imetoa kiasi gani, na ukikiruka unaivuruga. Weka kwenye bolti ileile ya bodi ambapo waya mnene wa hasi wa betri umefungwa. Faida nyingine: ikiwa siku moja waya huo mnene utalegea, mkondo wa stata hautatafuta njia kupitia redio na wavu wa antena yako.

Hesabu mpya: mita 10 kwa miliomu 3.3 kwa ampea 20 ni volti 0.66. Weka na 0.1 ya viunganishi. Injini ikiwa imezimwa utapata 12.1 toa 0.76, karibu 11.3. Bado chini ya 11.7! Ndiyo maana nguvu kamili ni ya injini ikiwaka, au tumia mm² 10, zinazokaribia 11.7, ikiwa unapenda kutuma gari likiwa limeegeshwa. Na hata injini ikiwaka, magari ya sasa yana alternata inayoamua yenyewe. Betri ikijaa inaweza kushusha volti hadi 12.5 hivi. Kuwasha taa kubwa mara nyingi huifanya ipande tena.

Vituo vya nyaya: bana kwa koleo la kubania la saizi husika. Risasi peke yake bila kubana haifai garini. Risasi hupanda ndani ya nyuzi za waya na kuufanya mgumu, kisha mtikisiko unauvunja pale ugumu unapoishia.

NusuWimbi:

Nami nichukue la uwandani.

Antena ya nusu wimbi inayolishwa mwishoni ni nzuri, lakini watu huambiwa haihitaji waya wa mrejesho, na hilo si kweli. Inahitaji kidogo, si kwamba haihitaji. Usipoipa, inachukua wavu wa kebo, na kebo inakuwa sehemu ya antena. Ndiyo maana mkono wako unabadilisha SWR: unashika antena.

Dawa ni mbili kwa pamoja. Waya wa mrejesho wa asilimia 5 ya urefu wa wimbi, yaani mita 2.1 kwa 40 m, umefungwa kwenye upande wa ardhi wa transfoma, ulazwe chini tu. Halafu choki (kizuizi cha mkondo wa nje ya kebo) upande wa redio: pete ya feraiti FT240-31 (31 ni aina ya feraiti), mizunguko 10 hadi 12 ya hiyohiyo RG-58. Usiibane choki kwenye transfoma huku hakuna waya wa mrejesho, utakuwa umefunga mlango wa pekee na SWR itakuwa ya ajabu zaidi.

Kupima ni rahisi: shika kebo katikati ya choki na redio. SWR isipotikisika, imekubali. Ukishika upande wa transfoma ikatikisika kidogo ni kawaida, kwa kuwa sehemu ile inasaidia mrejesho.

Kagua na transfoma yenyewe. Kwa wati 100 za SSB pete iwe FT240-43, na mbili zilizopangwa juu ya nyingine ni bora. Ile ndogo ya FT140-43 ni ya wati 20 au 30. Mizunguko 2 upande wa redio, 14 upande wa antena. 7 kwa 7 ndiyo 49, na omu 50 zinakuwa 2450. Mizunguko miwili ya kwanza ya pande zote mbili isokote pamoja. Kapasita ya pF 100 ya volti 1000 ipitie upande wa redio, inasaidia bendi za juu, 15 m na 10 m. Kuijaribu bila kupanda ufito: weka vipingamizi viwili, 2200 na 220, kwa mfuatano kwenye upande wa antena, vya kaboni na si vya waya uliosokotwa, soma kwa NanoVNA (kifaa kidogo cha kupimia antena). Kwenye 7 MHz SWR inapaswa kuwa karibu na 1. Ikiwa 2 au zaidi, umekosea kuhesabu mizunguko. Kila mara waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, hata kama nje unaonekana nusu.

Tahadhari ya usalama: wati 100 ndani ya omu 2450 ni volti 495, kilele 700. Ziko kwenye kitako cha waya na pia kwenye ncha ya mbali. Ncha ya mbali isiwe pale watu wanapopita au mtoto anapoweza kushika. Na hakikisha ufito wowote umesimikwa mbali na nyaya za umeme, angalau mara mbili ya urefu wake, maana siku ya upepo huanguka upande usioutarajia.

Masafa_Mafupi:

NusuWimbi kasema vyema, ila mimi kwa bendi mbili tu, 40 m na 20 m, ningeiacha antena hiyo nikaenda na dipoli (antena ya mikono miwili inayolishwa katikati) ya viungio. Haina transfoma ya kupasha joto, wala hailazimiki kutegemea wavu wa kebo. Uzito haufiki mbali: mita 20 za waya wa mm² 0.5 ni gramu 90 za shaba, ukiongeza plastiki yake.

Urefu: 143 gawanya kwa MHz ndiyo jumla ya dipoli. Kwa 14.2 ni mita 10.07, kila mkono 5.03. Kwa 7.1 ni 20.14, kila mkono 10.07. Anza na nyongeza ya asilimia 3 kwa sababu waya wenye plastiki na ncha zilizo karibu na ardhi vinashusha masafa kwa viwango tofauti. Kila mkono una kiungio kwenye alama ya 20 m: kihami kidogo cha plastiki chenye mwanya wa sm 2 hadi 3, na plagi ndogo ya kuunganisha juu yake. Plagi zikiwa wazi unapata 20 m, zikifungwa unapata 40 m.

Rekebisha 20 m kwanza, kwa sababu ukigusa sehemu ile umegusa na 40 m. Urefu mpya ni urefu wa sasa mara masafa ya sasa, gawanya kwa masafa unayotaka. Mfano mkono ni 5.20 na SWR ya chini iko 13.85: 5.20 mara 13.85 gawanya kwa 14.2 ni 5.07. Kata sm 13? Hapana, kunja sm 8 irudi nyuma ilale juu ya waya wake na ufunge kwa tepu. Waya uliokunjwa hivyo unafanya kazi kama uliokatwa, na unaweza kuurudisha. Pima tena, endelea. Mikono yote miwili kwa kipimo kilekile.

Kilele cha dipoli, yaani katikati yake, kiwe kwenye ufito wako wa mita 6, ncha zishuke lakini zisifike chini ya mita 1.5 kutoka ardhini, na pembe katikati isipungue nyuzi 90. Choki iwekwe hapo juu kwenye kilele. Dipoli ina uwiano, kebo haina. Pete kubwa hapo juu inapinda ufito, kwa hiyo tumia RG-316 mizunguko 12 kwenye pete ndogo.

Ukiwa na kilele cha mita 6, kwenye 40 m nguvu nyingi inakwenda juu na kurudi karibu, kilomita mia kadhaa. Hilo ni jema kama unataka majirani, si jema kama unasaka bara jingine. Kwa mbali tumia 20 m. Kebo ya mita 7 usiihangaikie, RG-58 kwenye 14 MHz inakula dB 0.4 hivi.

Sasa betri. Asidi ya Ah 7 imepimwa kwa kuitoa kwa saa 20, yaani ampea 0.35. Wewe unaitaka itoe 20. Haiwezi, volti zinaanguka papo hapo, na hiyo ndiyo sababu inazima juu ya wati 40. Ukinunua kitu kimoja, nunua betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya seli nne: volti 12.8, hukaa karibu 13 kwa sehemu kubwa ya chaji kisha huanguka ghafla mwishoni.

Ukubwa: kupokea ampea 1, kutuma SSB wastani wa 8, tuseme unatuma asilimia 30 ya muda. Hiyo ni 0.7 jumlisha 2.4, karibu 3.1. Kwa saa nne ni Ah 12.4, na ukitaka usiivuke asilimia 80 unahitaji Ah 15 au 16. Lakini angalia mkondo ambao saketi ya ulinzi iliyo ndani yake inaruhusu. Betri ndogo nyingi za Ah 6 hukata kwenye ampea 10 au 12, na zikikata kwenye kilele cha sauti utadhani redio ndiyo mbovu. Tafuta inayoruhusu 30. Chaji kwa 14.4 hadi 14.6, na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, inaharibika bila kuonyesha dalili.

Au punguza nguvu. Kutoka wati 100 kwenda 25 ni dB 6, pointi moja ya S kwa anayekupokea. Mkondo haushuki hadi robo, unashuka hadi karibu nusu, lakini hata nusu ni mzigo mkubwa kupungua mgongoni.

Wimbi_Refu:

Nimebadilisha nyaya kwa mm² 6 na hasi iko kwenye bolti ya bodi mbele. Injini ikiwaka, plagi ya redio inasoma 13.1 nikituma. Haijazima tena. Antena nimeifunga kwa bolti pembeni ya paa, SWR imekwenda 2.8 kama alivyosema Mlingoti, nimeweka koili ya chini na sasa ni 1.3. Uwandani nimeweka waya wa mita 2.1 na choki. Kasha halichomi tena. Betri ya LiFePO4 ya Ah 16 ndiyo nitakayonunua.

Bado mbili. Kelele ya injini imeshuka lakini imebaki S5. Na ningependa kujaribu FT8 (ujumbe mfupi wa kidijitali kwa kompyuta) na pia kupanda vilima kwa ajili ya SOTA (mpango wa kuwasiliana kwa redio kutoka vileleni). Je, nikiwa garini kileleni inahesabika?

Mlingoti:

La SOTA kwanza maana ni fupi: haihesabiki. Tangu mpango ulipoanza mwaka 2002, kituo lazima kiwe nje ya gari na kisilitegemee kwa umeme, jenereta ya mafuta hairuhusiwi, na uwe ndani ya mita 25 za kimo kutoka kileleni, mahali ambapo sheria za mlima huo zimeruhusu. Mawasiliano manne ndiyo yanakupa pointi. POTA, mpango kama huo wa hifadhi, inaruhusu gari. Huko unahitaji mawasiliano 10 ndani ya siku moja ya UTC (saa ya dunia). Kuandika /P (kituo cha kubeba) au /M (garini) nyuma ya ishara yako ya kuitia kunafuata leseni ya nchi ulipo.

Kelele sasa. Itafute kwa mpangilio, usinunue vichujio kwa kubahatisha.

Chomoa antena kwenye redio, injini ikiwaka. Kelele ikibaki, inaingia kwa nyaya za umeme. Ikitoweka, inaingia kwa antena. Kisha zima injini, funguo ibaki kwenye ON. Ikiwa kelele ipo hapo tayari, ni pampu ya mafuta au kompyuta za gari. Washa injini ukanyage mafuta: mlio unaopanda sauti pamoja na mizunguko ni alternata, mdundo wa ta-ta-ta unaoongeza kasi ni plagi za kuwashia. Kabla ya yote hayo, chomoa chaja ya simu kwenye soketi. Chaja ndogo ya USB inaweza kuwa chanzo kizima.

Kwa inayoingia kwa nyaya: pitisha chanya na hasi pamoja ndani ya pete ya aina ya 31, mizunguko mingi kadiri itakavyoingia, karibu na redio. Aina ya 43 inakuwa hodari kuanzia 25 MHz kwenda juu, na ile 61 ni ya masafa ya juu zaidi kabisa. Kwa 7 MHz ni 31.

Kwa inayoingia kwa antena: unganisha boneti na bodi pande zote mbili za bawaba, mlango wa nyuma, na bomba la moshi angalau sehemu mbili. Bomba la moshi limening'inia kwenye mipira, kwa hiyo linabeba kelele ya injini kutoka mbele hadi nyuma na kuinururisha chini ya gari. Fanya mkanda mmoja, pima, kisha mwingine, ili ujue upi ulisaidia.

Masafa_Mafupi:

Kuhusu FT8, mambo matatu yanayowaangusha watu wakiwa nje. Saa ya kompyuta isipishane na UTC kwa zaidi ya sekunde moja. Bila intaneti, tumia kipokezi cha GPS cha USB. Pili, ujumbe ni sekunde 12.64 za nguvu kamili ndani ya zamu ya sekunde 15, kisha unapokea zamu inayofuata, si kama SSB inayopumzika kati ya maneno. Kwa wati 100 utakuwa unavuta wastani wa ampea 10, na ile transfoma ya 49:1 itachemka. Wati 20 au 25 zinatosha kabisa. Ukiona SWR inapanda polepole kadiri unavyotuma, gusa pete baada ya kuacha kutuma. Ikiwa moto, feraiti imezidiwa, punguza.

Tatu, sauti ya kompyuta ikizidi, ALC (kidhibiti cha kiwango ndani ya redio) inabana na unachafua majirani wa masafa. Shusha sauti hadi ALC isiguse, kisha weka nguvu kwa kitufe cha redio. 14.074 na 7.074 zimejaa, kwa hiyo utajua haraka kama unapokewa. Na kama utachaji kwa sola wakati unapokea, chomoa paneli kwa sekunde chache usikilize: vidhibiti vingi vya chaji ya sola vya aina ya MPPT vina kelele mbaya kwenye 40 m, na pete ya 31 kwenye nyaya zote mbili za paneli, karibu na kidhibiti, ndiyo pa kuanzia.